Karatasi za Taib

Alhamisi, 10 Agosti 1967

Taib kaitwa! Ndugu yangu, haoni tangu surua ya utotoni, na Jumatatu anajaribiwa kazi ya opareta wa simu ofisi moja Kilindini. Bwana Benard wa huko kamsomea nambari zote za idara, naye Taib kazidunga kwa nukta za vipofu kwenye karatasi ngumu. Kurasa tisa! Azisoma kwa vidole kutwa, midomo yamcheza. Nana, bibi yetu, asema kazi yake ya kusuka viti sasa basi.

Ijumaa, 11 Agosti

Taib kaenda kuswali, kisha kumalizia kiti cha mwisho cha watu. Nikapiga pasi shati na suruali yake ya Jumatatu. Nikaziona karatasi – zimekunjamana, pembe zimejipinda. Nikaona haya. Aende ofisini na makaratasi kama ya kufungia bajia? Makaa bado yana moto. Nikazipiga pasi moja moja, zikanyooka kama mpya. Nilivyojisifu!

Jumamosi, 12 Agosti

Ya Rabi, nimefanya nini?

Asubuhi Taib kashika karatasi. Vidole vikapita, vikarudi. Kageuza ukurasa, na mwengine. Kasema: dada, sisikii kitu.

Nikapapasa. Nukta zimelala zote, laini! Pasi yangu! Nikafungua mdomo nikasema – labda umechoka.

Akasema la, ni viti. Mwalimu wake Nicodemus alimuonya kuwa ususi huua vidole. Nana kaleta mafuta ya nazi, amsugua kidole kimoja kimoja na kumuombea dua. Na nani kashika bakuli? Mimi. Mnafiki mkubwa!

Jumapili, 13 Agosti

Nikisema sasa, bado yuwawahi. Bwana Benard akaa karibu tu, Makupa, angemsomea tena, azidunge upya. Nikingoja kesho, basi tena. Najua yote haya na nimekaa kitako! Naogopa hataniamini tena. Hata rangi ya shati alilovaa huniuliza mimi.

Baada ya adhuhuri kaja kukaa mbele yangu. Kasema taratibu: dada, niandikie Bwana Benard, mwambie siji, vidole vimekufa, nafasi ampe mwengine.

Nimechukua kalamu – ndiyo hii. Asikia inavyokwaruza, adhani ni barua yake.

Sasa hivi kaniuliza nimefika wapi.