Kinga Niliyokataa Kuizima

Same, Jumanne usiku

Kwa hiyo huenda kesho sina kazi.

Bosi alipiga tena. "Dada, wateja wetu wa kubeti wanalalamika seva imekuwa nzito. Izime hiyo kinga."

Nikarudia: prosesa, ubongo wa seva, hukisia kazi inayofuata, na mabaki ya makisio hayo yanaweza kumfunulia mteja mmoja siri za mwenzake. Seva hiyohiyo imebeba mafaili ya hospitali. Kinga hufuta mabaki, na kufuta kunakula muda.

"Izime, au nitafute mwingine."

"Tafuta."

Sikuhisi hasira wala hofu. Sikuhisi chochote.

Mama, aliyekuwa akimenya tangawizi, akauliza, "Nani huyo, mwanangu?"

"Wa kazini tu, mama."

Majibu ya vipimo vya mama yamo kwenye mafaili yale ya hospitali. Hata mimi sijayafungua.