Muhuri Nyuma ya Bibi Spana

Jumatatu, 3 Machi

Wewe uliyelikuta daftari hili, nakusihi kwa jina la aliyekuzaa: lifunge. Kama umeshasoma, basi meza. Usimwambie mtu, hata mwenzi wako, hata kwa utani. Nina kazi moja na dada mmoja, na vyote viwili vinategemea mdomo wako.

Haya. Toleo la tisa limetoka kiwandani leo! Katuni yetu ya “Wakazi wa Zuhali”, inayotokana na ile tamthilia ya televisheni, watu wa chombo cha angani waliopotea njia ya nyumbani. Kwenye televisheni yuko nahodha, daktari na roboti. Sisi tuna mmoja zaidi: Bibi Spana, fundi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, anayetengeneza injini huku akimgombeza nahodha kama mjukuu. Mchoraji wetu amembuni mwenyewe, kichwani mwake. Nilicheka peke yangu mapokezini hadi mlinzi akachungulia.

Jumanne, 4 Machi

Watu wa televisheni wamepiga simu. Wanamtaka Bibi Spana kwenye tamthilia, msimu ujao! Wakauliza: huyu ni wa nani? Mhariri mkuu (sisi wadogo tunamwita Kikohozi, maana hukohoa kabla ya kusema uongo) akakohoa. Akajibu ni wa kampuni.

Wa kampuni! Kampuni hii haijawahi kubuni hata kalenda.

Jumatano, 5 Machi

Kikohozi kaniita, kafunga mlango. Alikuwa mpole. Ndipo nilipoogopa.

Mkataba wa mchoraji uko wazi: kurasa zikifika kwa wakati, mhusika aliyembuni ni wake. Zikichelewa, ni wa kampuni. Mwisho ulikuwa tarehe 31 Januari. Mama huyo mchoraji alizileta tarehe 27. Nakumbuka vizuri. Mvua ilikuwa inapiga, kurasa kavu ndani ya mfuko wa plastiki, yeye mwenyewe chapachapa. Nami ndiye niliyegonga muhuri wa kupokea nyuma ya kila ukurasa. Zote ishirini na nne.

Kikohozi anataka nibandike karatasi juu ya mihuri ile, kisha nigonge upya: 10 Februari.

“Ni kuweka kumbukumbu sawa tu, kijana,” akasema. “Hivi, mkataba wako wewe unaisha lini?”

Mwezi huu. Anajua fika! Nikasema ndiyo, mzee.

Nimebandika. Nimegonga. Muhuri wa ukurasa wa kumi na moja ulikaa upande — nikabandua, nikarudia ukae sawa. Nadhifu hata katika wizi! Mshenzi mkubwa mimi.

Nyumbani nilimweleza dada. Alikuwa kwenye cherehani, hakuinua kichwa. Akaniambia mimi ni karani, si hakimu, nifunge bakuli langu. Kisha akalichukua toleo la tisa, akasoma, akacheka hadi akasimamisha mashine. Akauliza: “Aliyemchora bibi huyu anakaa wapi? Nimshonee hata kitambaa cha kichwa.”

Sikula.

Alhamisi, 6 Machi

Mama mchoraji amekuja. Kikohozi alikuwa ameshampigia simu kumwambia alichelewa. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Alisimama mbele ya meza yangu, vidole vina wino, akaniambia: “Baba, si wewe uliyenipokea? Waambie basi.”

Kikohozi alikuwa nyuma yangu, kurasa mkononi. Akazigeuza taratibu, moja moja, amwoneshe mihuri.

Nikasema (nayaandika ili yanichome): “Muhuri ndio unaosema, mama.”

Akanitazama. “Muhuri haukunipa kiti nilipolowa. Wewe ulinipa.”

Kikohozi akakohoa, akamtaka aoneshe stakabadhi. Hana! Hapa hakuna mchoraji anayesubiri stakabadhi. Mimi huandika, karatasi nyeupe ya mletaji, ya bluu ya ofisi, lakini wao huaga na kwenda zao, eti tunaaminiana. Zote mbili hubaki kitabuni, kwenye droo yangu.

Mama akaondoka bila kuniaga. Kikohozi akanipigapiga bega kama mtu anayesifia mbwa. Alipofika mlangoni akageuka: kesho saa nane kamili, kitabu cha stakabadhi mezani kwake.

Kwa hiyo amekumbuka. Nilikuwa naomba asikumbuke.

Ijumaa, 7 Machi

Saa saba na nusu. Naandikia stoo, kati ya marobota ya toleo la nane. Namchukia yule mzee. Najichukia mimi zaidi, na “ndiyo mzee” yangu!

Kitabu kiko magotini. Mwandiko wangu: kurasa 24, zimepokelewa 27 Januari. Juu ya ile nyeupe kumechapishwa “Nakala ya mletaji”. Basi si wizi. Ni mali yake, ilicheleweshwa tu na mimi.

Nimeichana.

Lo! Imeshachanika. Sasa hata nikitaka kuirudisha haiwezekani.

Mlinzi amekubali kumpelekea mama ndani ya bahasha. Namwandikia hapa kwanza, nitanakili:

Mama, stakabadhi yako hii. Chini ya karatasi zilizobandikwa kuna mihuri ya kweli. Mimi ndiye niliyeifunika. Nitasema hivyo popote utakaponipeleka.

Kikohozi anaita huko nje. Anaita kwa jina langu lote. Saa nane haijafika!

Mama, usinipigie namba ya ofisi. Mapokezini usiulize, watakwambia sipo, na huenda ikawa kweli. Nenda nyuma ya posta, mlango wa kijani, kwa fundi cherehani. Mwambie wewe ndiye uliyemchora bibi, atakufungulia. Baada ya saa kumi na moja piga simu yangu, namba iko nyuma ya bahasha. Piga hata mara kumi. Nisipopokea, ujue nimeogopa tena. Njoo unichukue.