Makosa ya Tundu la Saba

Beni, Komini ya Beu
Alhamisi, 6 Februari 2003

Mpendwa Yaya Débora, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu na za Mama kutoka hapa nyumbani. Kampala mnaamkaje? Kifua chako kimepona, au bado baridi ya asubuhi inakusumbua? Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri na kanisani anaenda kwa miguu yake, ila macho yamezidi kufifia. Sasa ananitambua kwa sauti tu. Tunamshukuru Mungu kwa kila siku anayotupa.

Barua yako nimeipokea mikononi mwa Maliro, yule mwenye lori la Kasindi, na nimeisoma mara tatu. Unauliza kwa nini ninakaa tu mbele ya kompyuta wakati mtoto wako amepotea. Maneno hayo yaliniuma, Yaya, sitaficha. Lakini wewe ndiwe mama yake, na mimi ningekuandikia hivyohivyo kama angekuwa wangu. Basi nisikilize nikueleze.

Tangu Mama na Hadassa, uliyemwachia amlee, wapotezane njiani wakikimbia mapigano ya upande wa Mambasa, nimesoma orodha zote za watoto waliookotwa, za Oicha, za Mangina na za hapa Beni. Jina lake lipo, tena lipo kupita kiasi. Mtoto wa miaka sita akiulizwa anaitwa nani, anataja jina la kuzaliwa, lile tunalopewa kwa zamu ya kuzaliwa, basi. Kwenye orodha zetu kuna Kanyere thelathini na mmoja, na mimi ninayeandika hapa ni Kanyere vilevile! Hilo la Hadassa ulimpa wewe, lakini nyumbani hakuna aliyemwita hivyo.

Ndiyo maana shirika ninalolifanyia kazi liliamua kila mtoto apigwe picha, na picha ziende kwa satelaiti hadi ofisi ya Kampala, ambako wazazi waliovuka mpaka wanaweza kuzitazama. Mama haoni tena, na mimi mara ya mwisho kumwona Hadassa alikuwa bado mgongoni mwako. Wa kumtambua kwa uso ni wewe peke yako.

Sasa, picha hazikutaka kwenda. Barua fupi zilipita, orodha zilipita, lakini picha, kwa kuwa ni nzito, zilifika nusu zikakatika. Tunaanza upya, zinakatika tena. Chef wetu, mkuu wa ofisi, Edmond, akasema ni mvua inayosumbua satelaiti, tungojee fundi atoke Kampala baada ya wiki tatu. Na Jumatatu hii inayokuja watoto wangegawanywa kwa familia za kuwalea, wengine mpaka Lubero. Ukishamtawanya mtoto bila picha, utamtafutia wapi? Nikamwambia chef sitaisingizia mvua mpaka nilione kosa lake kwa macho yangu. Unanijua nikishachukia.

Tuna kisanduku kinachounganisha kompyuta zote, tunakiita switch. Kina matundu kumi na mawili ya kuchomekea kebo, na kila tundu linahesabu ujumbe unaoingia ukiwa umeharibika. Kebo ya satelaiti inaingia tundu la saba. Nikafungua hesabu: matundu mengine yote sifuri, la saba makosa zaidi ya elfu nne. Nikaifuta, nikaenda kunywa chai, kurudi nikakuta mia tatu. Mvua gani hiyo inayonyeshea tundu moja?

Nikaihamishia kebo tundu la tisa. Makosa yakahama nayo. Basi tundu halikuwa na hatia, nikairudisha la saba. Nikalinganisha mwendo wa ujumbe kwenye ncha zote mbili za kebo, nikaukuta sawa. Nikakata vichwa vya kebo, nikafunga vipya, makosa yaleyale. Ikabaki kebo yenyewe, karibu mita themanini, inayopita ndani ya bomba la maji kando ya ua mpaka kwenye antena. Jumanne nikapiga magoti kwenye matope, nikawa naitoa kwenye bomba na kuipapasa kidogo kidogo. Chef alikuwa dirishani ananicheka.

Katikati ya safari, nyuma ya chumba cha phonie, ile redio ya kuita miji ya mbali, pale mabomba mawili yanapoachana, vidole vikakuta uvimbe. Mtu alikuwa ameuzungushia mpira wa ndani wa baiskeli, akaukaza vizuri kabisa. Nikafungua. Nyaya nane zimeungwa rangi kwa rangi, lakini zimefumuliwa urefu wa kiganja kizima. Nyaya hizo husokotwa mbili mbili makusudi. Ukizifumua, ujumbe mmoja unaingilia mwingine.

Nilijua mkono huo ni wa nani. Ni Papa Kasonia, mzee wetu wa phonie, anayeita Butembo na Oicha kwa redio tangu mimi niko shule ya msingi. Hakukana.

“Ni mi, binti. Siku ya salongo, batu bote kwa kazi ya kiwanja, tulikuwa tunafyeka majani, nikakata iyo fil ya kompyuta na coupe-coupe. Nikaiunga sawa vile tunaunganga fil ya phonie. Nikaona taa inawaka, nikasema bon, iko sawa.”

“Na juu ya nini haukusema, Papa?”

“Haya ilinishika, mwanangu. Miaka yote minaambiaka batu: musiguse fil yangu. Donc leo ni mi njo nakata ya benu?”

Nilikwishafungua kinywa nimrushie maneno makali. Nikakumbuka ni yeye aliyewatafutia nusu ya mji huu ndugu zao kwa sauti yake tu. Nikamuuliza tufanyeje. Hasira ilinibaki mpaka jioni, nakwambia ukweli.

Kebo nyingine ndefu hatuna. Njia aliipata yeye mwenyewe, maana chumba chake kiko katikati na kina betri ya kutupa umeme. Tukakata pale penye uvimbe, nikafunga vichwa vipya, na kati ya vipande viwili tukaweka switch ndogo ya zamani iliyokuwa imelala kabatini. Alisogeza redio yake ukutani ili tupate nafasi. Nikafuta hesabu, nikalikalia lile tundu la saba saa nzima kama mtu anayechunga maziwa motoni. Sifuri. Nikangoja tena. Sifuri. Nililia mbele ya chef, Yaya, wala sioni aibu.

Tangu jana picha mia mbili na arobaini zimefika Kampala. Chef ametia sahihi kwamba mtoto ambaye picha yake imekwenda hatahamishwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi huu. Nilimfuata mpaka kwenye gari lake ili asaini.

Kwa hiyo siku utakayopata barua hii, acha sufuria jikoni uende kwenye ofisi yetu hapo Kampala. Uliza picha za Beni, uanze na namba 118, Kanyere wa Mangina. Sisemi ni yeye. Nikimtazama nakuona wewe, lakini nina hamu mno, siwezi kujiamini. Mama sijamwambia neno.

Msalimie sana shemeji Ésaïe, na ndugu yetu Malachie na nyumba yake. Papa Kasonia naye anakusalimu. Kila asubuhi anaita Mangina kuuliza kama mtoto wa 118 amelala salama. Bwana akutangulie njiani, akutie nguvu magotini utakapofika kwenye mlango ule.

Kama ni yeye, waachie namba hiyo wanitumie kwa satelaiti, nami nitapanda pikipiki siku hiyohiyo kwenda kumchukua. Kama siye, usitoke pale, Yaya. Tazama ya 119.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na nisiyechoka,

Kanyere Jokébed