Nimetolewa Pepo Bubu

Eliane, nimetolewa pepo. Mimi! Mchana huu, katika chumba chetu cha maombi cha Kilibula, siku tatu kabla ya kukabidhiwa uongozi wa maombi ya vijana.

Kosa langu ni kupumua. Nilifumba macho, nikavuta pumzi polepole. Pumzi ndiyo Mungu aliyompulizia Adamu puani. Nilitaka kumshukuru kwayo kimyakimya. Kumbe kwetu asiyepiga kelele hajaomba.

Mama Florentine, mtaalamu wetu wa mapepo, akaniinamia.

"Georgette, weye, juu ya nini hauombi?"

Nilikuwa katikati ya pumzi.

"Bamama, mukuye! Iko na pepo bubu!"

Mikono kumi na miwili kichwani pangu, Eliane. Kumi na miwili! Pumzi ikanikwama, nikakohoa.

"Imetoka! Imetoka!"

Pasta Venant akaja mbio. Akasema uongozi utasubiri. Jumapili nitatoa ushuhuda wa kufunguliwa, dakika tano.

Nikamweleza kwa heshima zote kwamba sikuwa na pepo lolote.

Akamgeukia Mama Florentine kwa huzuni:

"Mama, imerudi. Na benzake saba."