Pini za Boneti

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemwaga ndoo nne za maji uani kabla ya kwenda shule. Vumbi la hapa Kasulu haliishi, lakini fundi Nduwimana anasema likitulia hata kwa saa mbili inamtosha. Niliporudi alikuwa bado anasugua boneti kwa msasa. Vidole vyake vimekuwa vyeupe kwa puti ya kusawazishia.

Boneti ya zamani iliharibika mwezi uliopita, baba alipogonga ng'ombe karibu na Makere. Hii mpya si ya kiwanda kilichotengeneza gari. Ni ya faiba, nyepesi, hata mimi naiinua. Haishiki kwenye loki ya zamani, kwa hiyo itafungwa kwa pini mbili. Vyuma viwili vinasimama mbele ya injini, vinakazwa chini kwa nati, vinatokeza juu kwenye matundu ya boneti, halafu vinabanwa kwa klipu. Baba hapendi. Anasema gari litafanana na la mashindano.

Tangu gari lilale, baba hukaa kibarazani na hasemi na mtu. Mimi na mama tunanong'ona kama kuna mgonjwa.

Jumanne, 5 Agosti

Baba ameondoka kwa basi kwenda Kibondo kutafuta abiria wa Nane Nane. Amesema nimtumie ujumbe kwa simu ya mama gari likiwa tayari. Nimefurahi kwamba alinipa mimi kazi hiyo.

Leo matundu yametobolewa. Fundi alipaka rangi mbichi kwenye ncha za pini, akashusha boneti polepole. Palipoguswa na rangi ndipo pa kutoboa. Nilishika upande wa kulia.

"Usipumue, mwalimu," akaniambia.

"Mimi si mwalimu. Niko kidato cha tatu."

"Unaongea kama taarifa ya habari. Mama Neema, huyu mtoto mmemlisha redio?"

Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Juni.

Fundi ni Mrundi. Mama yake yuko kambini Nyarugusu. Yeye analala mjini kwa sababu kazi iko mjini. Kibali chake cha kutoka kambini kimekwisha, na kila mtu anajua.

Jumatano, 6 Agosti

Rangi imepigwa asubuhi, kabla ya upepo. Fedha, karibu sawa na gari. Karibu tu. Kwenye jua boneti inaonekana mpya na gari linaonekana limechoka. Nzi mmoja aliganda katikati. Fundi alimtoa kwa ncha ya sindano, akarudia pale. Hakutukana hata mara moja.

Jioni akafungasha vitu vyake. Anakwenda kumwona mama yake, ambaye kifua kinambana. Alikuwa tayari juu ya bodaboda aliponiambia: "Mwambie mzee, rangi safi. Kukaza pini, ejo."

Nikaandika: "Baba, shikamoo. Rangi imekamilika. Pini zilikazwa jana." Nilisoma mara mbili kabla ya kutuma. Hauna kosa. Mwalimu wetu wa Kiswahili anatukataza kuchanganya lugha, na sikuchanganya.

Alhamisi, 7 Agosti

Baba amepata ajali.

Alifika alfajiri kwa lori la rafiki yake. Ana ufunguo wake. Aliondoka na gari kabla sijaamka, peke yake, kuwafuata abiria Kibondo. Mbele ya Makere boneti ikafunguka, ikapiga kioo, ikamfunika. Gari likaingia mtaroni. Bega limevunjika. Vipande vya kioo vimeingia jicho la kushoto.

Mama ameniambia jambo jingine. Saa nne fundi alikuja uani na spana mkononi. Akauliza gari liko wapi.

Alikuja kukaza.

Ejo. Kwa Kiha, na kwa Kirundi chao, ejo ni jana na ejo ni kesho. Nimelijua hilo tangu sijaota meno. Pini nilikuwa nimeziona zimesimama kwenye matundu, nikadhani kazi imekwisha. Kumbe nati za chini alizizungusha kwa vidole tu. Sikuuliza. Niliona haya kumuuliza neno la lugha yangu mwenyewe.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikukuu, hakuna shule. Nimeshinda hospitali. Baba amefungwa bandeji nusu ya uso. Rafiki yake wa stendi, Kagoma, alikuwepo.

"Kanidanganya yule," baba alisema. "Pini zimekazwa, kumbe uongo."

"Tumpeleke polisi," Kagoma akasema. "Kibali hana. Harudi mjini tena."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji. Niliendelea kukishika. Mama hakuuona ujumbe wangu, hajui kusoma vizuri. Hakuna anayejua fundi alisema nini ila mimi na yeye, na fundi hajui nilichoandika.

Mimi ni mwoga. Naandika hivi ili nilione neno hilo.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekutana na fundi nje ya kanisa. Hakuingia. Alikuwa ananisubiri.

"Mzee anaona?"

"Jicho moja."

Akazungusha kofia yake mikononi. Kisha: "Nilikwambia ejo, siyo?"

"Ndiyo."

"Ee. Basi." Akavaa kofia yake akaenda.

Hakuniomba niseme. Angeniomba, labda ningekataa. Hilo linaniumiza zaidi.

Jumatatu, 11 Agosti

Jana jioni Kagoma na wenzake walikwenda kwenye kibanda cha fundi. Wamevunja kompresa yake kwa nyundo. Bunduki ya rangi wameikanyaga mpaka ikalala kama karatasi. Yeye hawakumpiga, alikimbilia kambini. Wasichana darasani walikuwa wanaisimulia habari hiyo kwa kicheko. Kama ningesema Ijumaa, isingetokea.

Nilitoka shule nikaenda moja kwa moja hospitali na sare.

"Baba, fundi hakudanganya. Alisema ejo. Mimi ndiye niliyeandika jana."

Alinitazama kwa jicho lililobaki.

"Alisema ejo."

"Ndiyo, baba."

"Na wewe ukachagua."

"Ndiyo."

Aligeukia ukutani. Nilingoja anitukane. Baadaye akaomba simu, akampigia Kagoma. "Polisi usiende. Nimesema usiende. Kosa ni la nyumbani kwangu." Hakusema ni langu.

Alhamisi, 14 Agosti

Daktari anasema jicho halitarudi. Baba hataendesha abiria tena. Alilisikia hilo akiwa amekaa, mikono juu ya magoti. Hajaniambia neno baya hata moja. Ningependa aniambie.

Nimekwenda na mama Nyarugusu. Tulisubiri karibu na soko mpaka mtu mmoja akaenda kumwita. Alikuja. Nilimweleza yote, kwa Kiha, bila kuremba. Alisikiliza huku akitazama viatu vyangu. Mama akamwambia mzee anamwita. Hakujibu kama atakuja.

Jumapili, 17 Agosti

Amekuja. Kabla ya saa sita, kwa miguu kutoka alikoshushwa. Alisimama kwenye uzio mpaka mama alipomkaribisha.

Baba, aliyetoka hospitali jana, alikuwa kibarazani. Aliinuka kwa shida. Akanyoosha mkono wa salamu, lakini bado hajazoea jicho moja, mkono ukapita pembeni, ukabaki hewani. Fundi akasogeza wake mpaka mikono ikakutana.

Walikaa. Hawakuzungumzia gari. Baba aliuliza kifua cha mama yake kinaendeleaje. Nikawaletea maharage na ugali, nikawanawisha mikono, wa kwanza mgeni.