Mlima wa Manga kwa Mama

Ogembo, Jumapili, Agosti 1971

Huu mlima umenisumbua wiki nzima. Tangu miguu ya Mama ilipokataa kutembea nikamhamishia huku kwangu, anatamani kuiona Manga, basi namchorea. Leo aliitazama picha akasema, "Mwanangu, huu ni ukuta. Mlima uko wapi?"

Nikachanganya buluu na nyeupe nyingi, nikaififisha miinuko ya nyuma. Migomba ya mbele nikaiachia kijani kilichokolea. Mlima ukasogea mbali.

Mama aliipitia picha yote kwa macho. "Sasa ni mbali kweli," akasema. Nikaogopa kwamba nimemuumiza. Kumbe alikuwa anatafuta kitu.

"Niwekee njia ya kupandia."

Nikamchorea, nyembamba, mpaka juu. Akaifuata kwa kidole kabla rangi haijakauka, na sikumzuia.