Shikamoo Nyuma ya Goli

Jumapili, Tlawi

Na hasira bado haijaisha.

Uwanja wa Tumati, kijiji cha wapinzani wetu wa leo, uliwekwa juu ya njia ya ng'ombe. Wazee wao walikataa njia ihamishwe, kwa hiyo hadi leo watu na mifugo hupita nyuma ya goli mechi ikiendelea. Leo mzee mmoja alipita, kipa wetu Daudi akageuka kumwamkia, mpira ukaingia. Dakika ya mwisho! Tumeshuka daraja.

Nikamfokea mbele ya wenzake: "Juzi umemzika baba yako, sasa unatafuta mwingine?"

Baadaye yule mzee alirudi na ng'ombe wake. Wote tulimwamkia, hata mimi kocha. Daudi peke yake alimtazama, akanyamaza.

Tangu utoto wake sijamwona akimpita mzee bila shikamoo. Leo nimemfundisha.